Jinsi ya kutengeneza mwanzo wa muvi ya thrila ukiwa mwanafunzi, kwa simu na vifaa ulivyonavyo

Kazi yenyewe kwa kawaida inakuja hivi, mwalimu anasema tengenezeni mwanzo wa muvi, dakika mbili, iwe thrila, yaani muvi ya kumweka mtu roho juu, mna wiki kadhaa. Basi kundi linakaa chini ya mwembe pale chuoni na wazo la kwanza kutoka ni lile lile la miaka yote: dada anakimbia porini, anahema, anaangalia nyuma, anajikwaa, giza, jina la muvi linatokea. Nawaomba sana hilo mliache. Sio kwamba kukimbia ni kubaya, shida ni kwamba mtazamaji hamjui huyo dada, hajui anakimbia nini, hajui akikamatwa kitapotea nini, kwa hiyo anaangalia tu mtu akitoka jasho. Hofu ya thrila haitoki kwenye mbio wala damu wala muziki mkubwa, inatoka kwenye taarifa, yaani nani anajua nini na nani bado hajajua. Ukilishika hilo mapema kila kitu huko mbele kinakuwa rahisi kuamua, maana kwenye skripti, kamera, sauti na kuediti utakuwa unajiuliza swali moja tu: hapa mtazamaji nampa nini, na namnyima nini?

Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa thrila, alilieleza hili vizuri kwenye mahojiano yake na mwongozaji mwenzake Truffaut mwaka 1962. Watu wawili wanapiga stori mezani, chini ya meza kuna bomu, hakuna anayejua. Likilipuka mtazamaji anashtuka sekunde 15 basi imeisha. Lakini kama mtazamaji alishaona bomu likitegwa na kuna saa ukutani, ile ile stori ya kawaida ya mezani inamkalisha roho juu dakika 15, anatamani kuwapigia kelele waondoke. Nyinyi mna dakika mbili tu na simu, hamna hela ya kulipua chochote, kwa hiyo njia hii ya pili ndo ya kwenu.

Hatua ya 1: tafuta hadithi inayokaa sehemu moja

Anza na ulichonacho mkononi. Andika kwenye karatasi sehemu ambazo mnaweza kuingia bila kulipa, watu ambao wako tayari kuigiza na wana muda, na vitu vya kutumia. Ukishaona orodha ndo uanze kufikiria hadithi, usifanye kinyume chake, usiandike helikopta afu uanze kuitafuta.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tuelewane. Kibanda cha wakala wa pesa za simu, Dar, jioni. Kila mtu anakijua, ni kidogo, kina taa yake, kina dirisha la waya ambalo ni kama fremu iliyotengenezwa tayari, na kina pesa ndani. Hadithi ni hii: mkono wenye damu kavu kwenye kucha unatoa laini kwenye simu kubwa iliyopasuka kioo, na kabla simu haijazimwa tunaona picha kwenye skrini, mwanaume na mwanamke wamekumbatiana. Laini inahamishiwa kwenye kitochi. Shoti inayofuata, yaani kipande cha picha kisichokatwa, tuko kwenye kibanda, wakala anaitwa Zuhura, anapiga simu na kujibiwa namba haipatikani, anasonya, anaendelea na kazi. Ni yule yule mwanamke wa kwenye picha. Anakuja mteja amevaa helmeti ya bodaboda hajaivua, anataka kutoa laki tatu. Anabonyeza kitochi chake, wote wawili wanasubiri meseji. Meseji inaingia, na jina la mwenye laini ni Hamisi, mume wa Zuhura. Mteja anauliza, vipi dada, imeingia? Zuhura anasema, bado, mtandao unasumbua. Jina la muvi: HAIPATIKANI.

Sasa angalia taarifa zilivyotembea. Mwanzoni mtazamaji anajua na Zuhura hajui, hapo ndo wasiwasi unaanza, na kila sekunde Zuhura anayochelewa kuangalia simu ni kama lile bomu la chini ya meza. Afu akishasoma jina mambo yanageuka, sasa yeye anajua na jamaa hajui kwamba anajua, na ule uongo mdogo wa mtandao, ambao kila mmoja wetu ameshaambiwa na wakala, unakuwa ndo kitu cha hatari kuliko vyote. Na swali la muvi nzima limebaki wazi: jamaa kaja pale kwa bahati mbaya au kaja makusudi? Hilo usilijibu. Mwanzo wa muvi unaojibu maswali yake wenyewe hauna sababu ya mtu kuendelea kuangalia.

Kwa hiyo kabla hamjaenda mbali chora jedwali dogo tu la safu tatu, mtazamaji anajua nini, mhusika anajua nini, adui anajua nini, na ulijaze kila baada ya sekunde 20 hivi za hadithi. Kama safu zote tatu zinafanana muda wote, hamna thrila, mna watu wanaongea.

Hatua ya 2: angalia mianzo ya wengine kwa kazi, sio kwa starehe

Chagua mianzo mitatu au minne ya thrila mnazozipenda. Mara ya kwanza iangalie kawaida, afu rudia sauti imezimwa, afu rudia tena umefumba macho unasikiliza tu. Hiyo ya tatu ndo itakayokushangaza, utakuta kazi kubwa ya kutisha imefanywa na sauti. Hesabu shoti ngapi zimetumika, andika ya kwanza inadumu sekunde ngapi, uso wa mhusika mkuu unaonekana lini, jina la muvi linatokea wapi.

Na angalia wanachoficha. Jaws ya mwaka 1975 inaanza na dada anayeogelea usiku na anavutwa chini, papa hatumwoni kabisa, na huko mbele pia anachelewa sana kuonekana kwa sababu papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa anaharibika haribika kwenye maji ya chumvi. Mwongozaji wake Spielberg akabaki na maji, muziki na nyuso za watu, na ndo maana inatisha. Kwa mwanafunzi hii ni habari njema sana, maana kitu ambacho huna uwezo wa kukionyesha mara nyingi ndo hakitakiwi kuonyeshwa. Jamaa wetu wa helmeti hatumwoni sura, hatuhitaji mwigizaji mwenye sura ya kutisha, tunahitaji helmeti yenye kioo cheusi.

Hatua ya 3: skripti na storibodi

Kwa mazoea ukurasa mmoja wa skripti unatoka kama dakika moja ya muvi, lakini kwenye thrila yenye kimya kingi hesabu hiyo inadanganya, mstari mmoja wa "Zuhura anasoma meseji" unaweza kula sekunde 12. Kwa hiyo baada ya kuandika, kaeni muisome kwa sauti huku mmoja anaigiza na mwingine ameshika saa. Ikifika dakika mbili na nusu mkate sasa hivi, msisubiri kwenye kuediti.

Maneno yawe machache. Kwenye mfano wetu kuna mazungumzo ya mistari sita au saba tu na yote ni ya kawaida kabisa, shilingi ngapi, namba ya wakala hiyo hapo ukutani, subiri kidogo. Usimwandikie adui maneno ya vitisho, "utajuta kunifahamu" na mengine ya namna hiyo. Mtu anayeongea kwa upole huku mtazamaji anajua mikono yake ina damu anatisha mara kumi zaidi.

Storibodi, yaani michoro ya kila shoti kwa mfuatano, hauhitaji kujua kuchora. Vijiti na miduara vinatosha, au nendeni na simu pale kibandani mpige picha kila shoti mmoja wenu akisimama badala ya mwigizaji, mzipange kwenye karatasi kwa mfuatano. Hii ya picha naipenda zaidi kwa sababu inakuonyesha ukweli wa nafasi, mara nyingi unachora shoti nzuri afu unafika unakuta ukuta uko karibu kamera haiwezi kurudi nyuma.

Kwa dakika mbili shoti 18 mpaka 25 zinatosha. Andika shoti listi yenye namba, aina ya shoti, nani yumo, kuna kitu gani cha kutumia, na sauti gani inahitajika. Afu uipange upya, sio kwa mfuatano wa hadithi bali kwa upande wa kamera, yaani shoti zote zinazoangalia ndani ya kibanda mnapiga kwa pamoja, afu mnahamia ndani na kupiga zote zinazoangalia nje. Mkifuata hadithi mtahamisha taa mara 20 na mtamaliza saa nane usiku.

Kitu kimoja cha kulinda sana hapa ni mstari. Chora mstari wa kufikirika kati ya Zuhura na mteja, kamera ikae upande mmoja tu wa huo mstari. Zuhura akiwa anaangalia kulia, mteja awe anaangalia kushoto, muda wote. Mkivuka itaonekana kama wote wanaangalia upande mmoja na mtazamaji anachanganyikiwa bila kujua kwa nini. Kuna siku unavuka makusudi, na kwenye hadithi yetu ni pale pale Zuhura anaposoma jina, dunia yake imegeuka basi na kamera nayo igeuke. Lakini iwe mara hiyo moja tu.

Hatua ya 4: ruhusa, na hili msilipuuze

Anza na chuo, omba barua ya utambulisho inayosema nyinyi ni nani, mnafanya kazi gani ya masomo, wapi na siku gani. Tanzania kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu ndo wanasimamia mambo ya vibali, kwa hiyo mwalimu awaambie kazi yenu ya darasani inahitaji nini, msibahatishe. Afu barua hiyo nendeni nayo serikali ya mtaa, mwenyekiti na mjumbe wajue jioni fulani kutakuwa na vijana na kamera. Mwenye kibanda mkubaliane naye kabisa muda wa kuanza na wa kumaliza, na kama mnamfungia biashara yake mapema mumlipe chochote, hata kama ni ndugu.

Silaha za bandia msitumie mitaani. Hata ya plastiki. Mtu wa mbali hajui kwamba ni muvi, anaona kijana kavaa helmeti kashika bastola mbele ya kibanda cha pesa, na mnajua watu wetu wakisikia neno mwizi inachukua muda gani kabla hawajauliza. Ndo maana hadithi yetu haina silaha hata moja. Na hata hivyo awepo mtu mmoja asiye na kazi nyingine isipokuwa kusimama pembeni na kuwaambia wapita njia kwamba hapa tunashuti.

Pesa: mnaweza kuazima noti za kweli kwa mwenye kibanda, zihesabiwe mbele ya watu wawili kabla na baada, noti ya juu iwe ya kweli na za chini ziwe karatasi zilizokatwa saizi hiyo. Msitoe kopi ya noti, ni kosa la jinai hata kama nia ni nzuri. Nembo za kampuni za simu zifunikeni au mziepuke kwenye fremu, hadithi yenu ina uhalifu na hao hawajaomba kuwemo. Meseji ya muamala itengenezeni wenyewe, hifadhi namba ya rafiki kwa jina la huduma ya kubuni, atume maneno mliyoandika, na hakikisheni hakuna namba ya mtu wa kweli inayosomeka.

Hatua ya 5: mwanga wa jioni hausubiri mtu

Sisi tuko karibu na Ikweta na jua letu likizama limezama. Dar linazama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa moja kasoro dakika 10 jioni kutegemea na mwezi, na baada ya hapo mna kama dakika 20 tu za ile bluu nzuri ya angani kabla giza halijakamata. Dakika 20 hizo ni za shoti mbili au tatu pana, kibanda kimewaka taa na anga ya bluu nyuma, mteja anakuja kutoka mbali. Basi. Kila kitu kiwe kimepangwa na kufanyiwa mazoezi tangu saa 11, waigizaji wamevaa, kamera iko kwenye stendi. Shoti za ndani na klozapu zote, yaani zile za karibu sana, zinaweza kusubiri giza kwa sababu mwanga wake ni taa ya kibanda na hiyo haizami.

Mchana wa saa sita msishuti nyuso nje, jua liko utosini na macho yote yanakuwa mashimo meusi, na sio meusi ya kutisha, ni mabaya tu.

Ndani tumia taa moja kuu. Watu wengi wanadhani thrila ni giza, afu wanashuti gizani kweli na wanapata picha yenye chengachenga isiyoonyesha kitu. Siri ni kuwa na mwanga wa kutosha upande mmoja na kuuacha upande mwingine uingie kivuli. Hapo kibandani balbu ipo juu kidogo pembeni ya Zuhura, upande wa pili tundika shuka jeusi au kitenge cheusi nje ya fremu ili ule ukuta mweupe usirudishe mwanga usoni kwake. Kama uso umekuwa mweusi mno washa tochi ya simu uielekeze kwenye manila nyeupe, mwanga urudi kutoka kwenye manila, usimpige nao moja kwa moja. Na taa ya bodaboda iliyoegeshwa nyuma ya mteja inafanya kazi kubwa bure kabisa, yeye anakuwa kivuli tu na vumbi linaonekana hewani. Msichanganye balbu nyeupe na ya njano kwenye fremu moja bila sababu, ngozi inapata rangi mbili na kuirekebisha baadaye ni mateso.

Hatua ya 6: kamera

Hapa naenda haraka kwa sababu vitu ni vichache. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kila baada ya shoti chache, simu inashikwa na mikono yenye mafuta siku nzima. Weka simu hali ya ndege isije ikaita katikati ya teki nzuri (teki ni kila mara mnaporekodi shoti). Shuti kwa ulalo. Ubora wa picha wa 1080p unatosha, 4K itawajazia simu na kompyuta ya chuo itakwama. Umeme wetu ni wa 50 Hz kwa hiyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde, ukiweka 30 na shata nyingine taa za ndani zinaweza kupepesa kwenye picha na hutaiona mpaka umerudi nyumbani. Programu ya kamera iliyokuja na simu mara nyingi haikuruhusu kubadilisha hivi, tafuta ya bure inayoruhusu, Blackmagic Camera ni mojawapo na kwa simu zinazoikubali inafanya kazi vizuri. Funga fokasi na mwanga kabla ya kusema ekisheni, ili mtu akipita mbele picha isijibadilishe yenyewe. Usivute kwa zumu ya vidole, sogea kwa miguu.

Stendi kama hamna, mfuko wa mchele juu ya stuli unashika simu imara na unaweza kuielekeza popote. Kutikisika kwa kamera kuwe uamuzi. Mimi kwenye hadithi hii ningeacha kamera imetulia kabisa mpaka meseji inapoingia, afu kuanzia hapo niishike mkononi, itikisike kidogo sana, kama pumzi.

Kila teki anza kurekodi sekunde tano kabla ya ekisheni na acha sekunde tano baada ya kat. Mtakuja kunishukuru kwenye kuediti.

Hatua ya 7: sauti, ambayo ndo muvi yenyewe

Kama mna nguvu ya kufanya kitu kimoja tu vizuri, kiwe hiki. Mtazamaji anavumilia picha yenye kasoro, sauti mbovu havumilii, anafunga.

Maiki ya simu inayoshuti iko mbali na mdomo, inanasa kila kitu. Chukua simu ya pili, chomeka earphone yenye maiki, ipitishe ndani ya nguo ya mwigizaji maiki ikae kifuani chini ya kola, ibandike kwa plasta isisuguane na kitambaa, simu ikae mfukoni inarekodi. Mwanzo wa kila teki mtu apige kofi moja mbele ya kamera, hilo kofi ndo litakusaidia kulinganisha picha na sauti baadaye.

Nenda kwenye lokesheni siku moja kabla, saa ile ile mtakayoshuti, kaa kimya usikilize. Jenereta la saluni ya jirani, baa inafungulia muziki saa moja, bodaboda wana kijiwe pale pembeni, adhana ya magharibi inaanza muda gani. Hivyo vyote mvipange. Adhana ikianza mnasimama mnasubiri imalizike, na kwenye kuediti msiitumie kama sauti ya kutishia watu, wala kengele za kanisa, tuheshimu. Mwenye baa mwombe apunguze muziki kwa nusu saa, wengi wanakubali ukiwaomba mapema na kwa adabu.

Mkimaliza kushuti kila sehemu, wote mnanyamaza na mnarekodi sekunde 30 mpaka dakika nzima ya ukimya wa pale pale. Ukimya wa kibanda una mlio wake, friji ya soda, waya wa umeme, mbu, watu wa mbali. Huo ndo utaupaka chini ya shoti zote ili sauti isiwe inakatika katika kila unapobadilisha picha.

Afu kuna sauti za kutengeneza, na hapa naomba mtenge jioni nzima. Jifungieni chumba chenye godoro na mapazia mazito, mrekodi moja moja kwa karibu sana: noti zikihesabiwa, kalamu ikiandika kwenye daftari la miamala, kitufe cha kitochi, kioo cha helmeti kikishushwa, laini ikichomolewa kwenye simu, kufuli. Zikiwa kubwa kuliko kawaida mtazamaji anahisi yupo ndani ya kichwa cha Zuhura. Na jaribu hii: pale anaposoma jina, sauti zote za nje za mtaa zififie taratibu mpaka zibaki mbili tu, friji na pumzi ya mtu ndani ya helmeti. Halafu mlio wa meseji ya pili. Nakuhakikishia watu watatikisika kwenye viti na hujatumia muziki hata kidogo.

Hatua ya 8: kuwaongoza waigizaji

Usimwambie mwigizaji "ogopa". Ukimwambia aogope atatoa macho na kushika kifua, tumeshaona sana. Mpe kazi ya kufanya. Mwambie Zuhura, umeshasoma jina, sasa kazi yako ni kumfanya huyu mtu aamini hujasoma, na mikono yako isitetemeke. Atajaribu kuficha, na kule kuficha ndo tutaona hofu. Mteja naye usimwambie awe mbaya, mwambie amechoka, ana haraka, anataka pesa yake aende. Wote wawili wafanye mazoezi na vitu vyenyewe, kitochi, daftari, noti, mpaka mikono izoee, kwa sababu wakala wa kweli anahesabu noti bila kuziangalia. Kama mnaweza mwombeni wakala mmoja awafundishe.

Muendelezo, yaani vitu visijibadilishe kati ya shoti na shoti, uwe na mtu wake, mwenye kazi ya kupiga picha kila mwisho wa shoti: ushungi umekaaje, kalamu iko mkono gani, saa ukutani inasema saa ngapi. Damu ya bandia tumia rangi nyekundu ya chakula na asali au sirapu, ongeza kakao kidogo sana isiwe nyekundu ya pipi. Inachafua nguo haitoki, kwa hiyo nunueni mashati mawili yanayofanana mitumbani.

Hatua ya 9: kuediti

Hamisha faili zote kwenye kompyuta na kwenye flashi au diski nyingine siku hiyo hiyo, msifute kwenye simu mpaka muwe na kopi mbili. DaVinci Resolve toleo la bure lina kila kitu mnachohitaji ila linataka kompyuta yenye nguvu, kama hamna, CapCut au KineMaster kwenye simu inamaliza dakika mbili bila shida.

Panga kwanza shoti zote kwa mfuatano bila muziki bila rangi bila jina, mzione. Itakuwa ndefu na ya kuchosha, ni kawaida. Sasa rudini kwenye lile jedwali la safu tatu na muulize kila shoti kazi yake. Isiyompa mtazamaji kitu na isiyomficha kitu inatoka, hata kama ilikuwa ngumu kuipata. Kinyume chake pia ni kweli, kuna shoti za kurefusha. Ile ya kusubiri meseji, wote wawili wamenyamaza, usiikate haraka, iache mpaka wewe mwenyewe uanze kuhisi ni ndefu mno, afu uongeze sekunde moja.

Sauti iwahi picha. Mlio wa meseji usikike tukiwa bado tunaangalia helmeti, ndo tukate kwenda kwenye simu. Ukikata sauti na picha kwa pamoja kila mara inakuwa kavu.

Majina ya waigizaji na watengenezaji yasambaze kwenye shoti tulivu za mwanzo, sehemu ya fremu isiyo na kitu, herufi rahisi, yasikae juu ya uso wala juu ya taarifa. Msiweke herufi zinazodondosha damu. Jina la muvi liingie baada ya "mtandao unasumbua", moja kwa moja, skrini nyeusi, herufi nyeupe, na mlio wa ile namba haipatikani, ambao mwigizaji wenu mwingine aurekodi kwa maneno yenu, msichukue wa kampuni.

Muziki kama mnauhitaji msichukue wimbo wa mtu. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na inawahusu wanafunzi pia mkishapandisha kazi mtandaoni. Maktaba ya sauti ya YouTube na tovuti ya Freesound zina vitu vya bure, ila soma leseni ya kila faili, nyingine zinataka umtaje aliyetengeneza na nyingine hazikuruhusu biashara. Kama kuna mwenzenu anapiga kinanda au zeze mwombeni sauti moja ndefu tu ya chini, hiyo inatosha dakika nzima.

Hatua ya 10: mwonyeshe mtu asiyejua chochote

Tafuta watu watatu au wanne ambao hawakuwepo, hawajasikia hadithi. Usiwaeleze kitu. Waonyeshe mara moja, afu waulize: huyu mama ni nani, laini ni ya nani, sasa hivi unadhani nini kitatokea? Wakikosa jibu la pili, shoti yenu ya picha kwenye skrini ni fupi au haionekani, rudini muirefushe. Wakijua jibu la tatu wote na kwa uhakika, mmesema kupita kiasi, ondoeni kitu. Msibishane nao wala kuwaelekeza, mwalimu hatakuwa na nyinyi pembeni yake mkimweleza.

Vyuo vingi vinataka na ripoti ya kazi, kwa hiyo storibodi, picha za lokesheni, shoti listi yenye alama za kalamu, barua za ruhusa na majibu ya hao watazamaji vyote vihifadhiwe kwenye folda moja tangu siku ya kwanza. Toa faili kama MP4 ya 1080p, fremu 25, ipe jina lenye namba ya kundi, afu kabla ya kuikabidhi ichezeshe kwenye kompyuta na spika za darasa litakaloonyeshwa, maana spika zile ndogo mara nyingi zinameza ile friji na ile pumzi na itabidi mziongeze sauti kidogo mtoe faili upya.